Uwanja Niliouchagua Nairobi

Katika miaka ya mwisho ya Hali ya Hatari, mji wa Nairobi ulikuwa na viwanja vitatu vya ndege, na mtu wa milimani kwetu aliyesema anakwenda "kwenye ndege" alikuwa bado hajasema kitu. Kulikuwa na Eastleigh, uwanja wa zamani, ambako wakubwa wa serikali walikuwa wakishukia tangu vita vya dunia viishe. Kulikuwa na uwanja mdogo wa upande wa magharibi, wa vindege vya watu binafsi, kama vile vilivyokuwa vikitua Voi kwa ajili ya wenye mashamba ya katani. Na kulikuwa na Embakasi, mpya kabisa, uliofunguliwa mwaka uleule wa safari yetu, katikati ya mbuga, ambao sisi wa Taita tulikuwa tunausikia kama uvumi. Ilinipasa kuchagua mmoja kati ya hivyo kwa niaba ya baba yangu. Nilichagua vibaya, na sababu zilizonipotosha zilikuwa, kwa macho yangu ya wakati ule, sababu za mtu mwadilifu. Ndiyo maana naziandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi juu kidogo ya Wundanyi, na nilikuwa nimesoma kuliko wengi wa rika langu. Sitaji hilo kwa kujisifu. Lina uzito katika habari hii. Kusoma kulikuwa kumenizoeza kuyapima maneno ya mtu na kutafuta ndani yake mahali palipoachwa wazi. Barua ikisema mengi juu ya mvua, nilijiuliza inaficha nini. Mzazi akija shuleni na tabasamu kabla ya kumtaja mwanawe, nilijua anakuja kuomba lisiloombeka. Mara nyingi sikukosea. Leo, nikiwa nimevuka miaka arobaini na mitano, naamini kwamba kutokosea mara nyingi humdhuru mtu kuliko kukosea, kwa sababu humwondolea desturi ya kujikagua.

Mdogo wangu alikuwa Mombasa, kwanza shuleni, kisha karani. Miaka miwili kabla ya haya, mama yetu alipofariki, tulimpelekea telegramu kupitia stesheni ya Voi. Baba aliahirisha mazishi siku nzima akimngoja. Siku ile alikaa juu ya jiwe mwisho wa shamba, mahali ambapo unaiona barabara ikipanda kutoka Mwatate, na kila lori lilipokata kona alisimama. Mdogo wangu hakuja. Alikuwa katika mtihani wake wa mwisho, na baadaye aliandika kwamba mwalimu wake alimshauri asiuache. Tulimzika mama bila yeye. Tangu siku hiyo baba hakulitaja jina lake. Hakumlaani wala hakulalamika. Alinyamaza, na kunyamaza kule kulitutia hofu nyumbani kuliko matusi.

Msomaji asiye wa kwetu hana budi kuelezwa hofu hiyo. Sisi Wataita hujiita Wadawida, na wa umri wa baba waliamini kwamba hasira ya mzazi iliyofungiwa moyoni hufanya kazi yake hata kama mwenyewe hataki. Humfuata mtoto aliko, ikamvunja, ikamwangusha, ikamnyima uzao. Dawa yake ni moja. Mwenye hasira hutia kinywani maji ya miwa, au pombe yake, au hata maji matupu, akayapuliza yanyunyize mbele ya yule aliyemkosea, huku akisema waziwazi kwamba ameyatoa yaliyokuwa moyoni na kwamba anamtakia heri. Tendo hilo sisi tunaliita kutasa. Baba alikuwa amebatizwa, na Jumapili alikaa benchi la tatu kanisani, lakini hakuona kwamba ubatizo ulihusika na jambo hili. Mimi niliona kwamba ulihusika sana. Nilikuwa nikiona haya juu ya kutasa, kama anavyoona haya mtu aliyejifunza kula kwa uma amwonapo baba yake akilamba vidole mbele ya wageni.

Barua ya mdogo wangu ilifika shuleni siku ya Jumatatu, ikiwa na jina langu peke yangu. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari Bombay. Angeondoka Ijumaa ya juma lilo hilo, saa nane mchana, "kwa ndege, kutoka uwanja wa Nairobi." Hakuandika uwanja upi. Hakuandika atalala wapi. Mwishoni alinisihi nisimwambie baba mpaka awe amekwisha kufika huko aendako.

Niliisoma mara tatu. Treni ya Mombasa hupita Voi. Aliyetaka kuwaona watu wake angeshuka pale na kupanda mlimani kwa siku moja tu. Niliyakusanya yote yaliyoachwa katika ile barua, nikatoa hukumu: huyu anatoroka.

Jioni ile nilimwambia baba. Nilijiambia kwamba siwezi kuwa mshiriki wa udanganyifu. Sasa sidhani kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yote. Mimi na dada yangu ndio tuliomwuguza mama hadi mwisho, na nilitaka mtu mwingine aone jinsi huyu mwenye bahati alivyo mtoro.

Baba alikuwa akitia mpini kwenye jembe. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akalitaja jina la mwanawe, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umeteguka.

"Anapanda angani?"

"Ndiyo, baba."

"Nami nikiwa hivi?" Aliweka kiganja kifuani. "Hapana. Hawezi kupita juu ya bahari na kitu hiki kikiwa hapa. Ijumaa tutakuwa huko."

"Baba, tunaweza kumwombea tukiwa hapahapa. Mungu yuko kila mahali."

"Mungu yuko kila mahali," alikubali, akirudia mpini wake. "Mimi siko. Ndiyo maana nitapanda treni."

Kabla ya safari nilitafuta ushauri kwa karani mmoja wa boma, mtu wa tai na kalamu mbili, aliyewahi kufuatana na bwana wake kumsindikiza ofisa aliyekuwa akirudi Uingereza. Hakuinua macho kwenye faili lake.

"Uwanja wa Nairobi ni Eastleigh," alisema. "Usikubali mtu yeyote akupeleke kwingine, Mwalimu. Kule wapo watu ambao kazi yao ni kungoja wageni wa treni. Wakimwona mzee amebeba kibuyu, watawazungusha mpaka mkose na ndege na njia ya kurudia."

Maneno yake yaliniingia kwa kuwa yalikuwa yangu tayari. Sikumwuliza alikwenda huko mwaka gani.

Alhamisi tulishuka Voi kwa basi. Baba alikuwa amekata miwa kando ya mfereji alfajiri, akaisaga na kuikamua, akajaza kibuyu, akakifunga kwa kitambaa cheupe kilichokuwa cha mama. Kwenye joto la Voi, kati ya magunia na wasafiri wa Taveta, alikipakata kibuyu kile stesheni mchana kutwa, na tulipoingia katika behewa la daraja la tatu hakukubali kukiweka sakafuni. Jirani yake, mama mmoja wa Kikamba, alimwuliza kama amebeba asali.

"Nimebeba jambo," baba alimjibu, na yule mama akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa.

Mimi nilikuwa na hofu nyingine niliyomficha. Serikali ilikuwa imetumia miaka mingi kuwasaka watu kwa sababu ya viapo vya wapiganaji wa msituni, na askari wa Nairobi hakulazimika kujua tofauti kati ya Mdawida na mtu wa Nyeri ili amtie mzee garini. Mzee mwenye kibuyu, anayesema maneno ya kikwao na kumnyunyizia kijana kitu kisichojulikana, katikati ya Wazungu wanaoagana: nilijaribu kuiona picha hiyo kwa macho ya askari, nikaiona vizuri sana. Njia nzima, Tsavo ikipita gizani nje ya dirisha, nilitafuta namna ya kulifanya jambo lile liwe dogo, la pembeni, la haraka. Na chini ya mawazo hayo lilikuwapo jingine ambalo sikulitazama moja kwa moja, kwamba ingekuwa nafuu kwangu lisipofanyika kabisa.

Asubuhi ya Ijumaa tulipokelewa stesheni na mume wa dada yangu. Alikuwa msafishaji wa vichwa vya garimoshi na aliishi katika nyumba za reli za Muthurwa, na dada alibaki mlimani na mashamba, kama wake wengi wa watu wa reli. Nilikuwa nimempelekea habari kwa kinywa cha mfanyakazi mmoja wa treni. Sikumpenda mtu yule. Alikuwa mlevi, alicheka kabla ya kumaliza sentensi, na kila alichokieleza kilikuwa kimetoka kwa "jamaa mmoja" asiye na jina. Alimwamkia baba kwa heshima kamili ya mkwe, bila kumtazama usoni, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, umekonda. Chaki hailiwi?"

"Tunatafuta basi la Eastleigh."

"Mnakwenda Eastleigh kuoa? Ndege za abiria zimehama, shemeji. Sasa ziko Embakasi. Kule wamebaki wanajeshi."

"Umejuaje?"

Alijikuna shingo. "Watu wanajua."

"Watu gani?"

"Hii si mtihani, Mwalimu. Sikiliza, kuna jamaa mmoja ana pikapu, anapeleka mboga kule kwenye jiko la uwanja. Saa nne atakuwa hapa. Mzee atakaa mbele, mimi na wewe tutakaa na kabichi."

"Umemwona ndugu yangu?"

Alicheka, lakini kicheko kilichelewa kidogo. "Nairobi kubwa, shemeji."

Nilikiona kicheko kile kilivyochelewa. Nilitambua kwamba mtu huyu anaficha jambo, na katika hilo sikukosea hata kidogo. Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Nikiwa na hakika kwamba anaficha, sikujiuliza anaficha nini. Nilichukulia kwamba aliyeficha kimoja amedanganya chote. Nilijionyesha mambo yote kwa mpangilio mzuri: mdogo wangu amemwomba atupoteze, naye amekubali kwa bei ya chupa kadhaa, na pikapu ya kabichi itatupeleka mbugani kuwatazama kongoni huku ndege ikiruka Eastleigh. Alikuwa akinuka pombe ya busaa ya jana. Karani wa boma alikuwa na tai.

"Mnasemaje?" baba aliuliza.

"Yeye anasema Embakasi. Boma lilisema Eastleigh."

Baba alitutazama sote wawili. "Wewe ndiye msomi. Uwanja upi?"

"Eastleigh, baba."

Alinifuata. Nilipogeuka kutoka mlangoni mwa basi, shemeji alikuwa bado amesimama palepale, kofia mkononi, na safari hii hakuwa akicheka.

Lango la Eastleigh lilikuwa na kizuizi cha mti kilichopakwa rangi, na askari mwenye bunduki. Nilimwambia tumekuja kumsindikiza abiria.

"Hapa hakuna abiria," alisema. "Simameni kule ng'ambo."

Mtu mwingine yeyote angeshika jibu hilo na kurudi. Mimi nililipima. Nilijua kwamba askari huwafukuza watu wa rangi yetu malangoni kwa desturi tu, na nikajiambia kwamba hili ni neno la kutufukuzia. Basi tukasimama ng'ambo. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, saa sita ikapita. Magari ya kijeshi yaliingia na kutoka. Ndege mbili zilishuka, za rangi ya kijivu, na waliotoka ndani yake walikuwa wamevaa sare wote. Baba alikuwa amekaa juu ya ukingo wa mfereji, kibuyu mapajani.

"Wanaokwenda kusoma huvaa hivyo?" aliniuliza.

"Hapana, baba. Tungoje."

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kujua. Siwezi kusema ni saa ngapi nilijua, kwa maana mtu hujua jambo la namna hiyo muda mrefu kabla hajajiruhusu kulijua. Nilikuwa nalikokota jua lipite. Kama saa nane ingetukuta pale, kusingekuwa na askari wa kumweleza, wala Wazungu wa kututazama, wala kutasa. Kungekuwa na makosa ya kweli tu, ya mwalimu aliyefuata ushauri wa boma.

Saa saba ikiwa imekwisha kupita, yule askari alivuka barabara. Alikielekeza kitako cha bunduki kwenye kibuyu.

"Mzee, humo mna nini?"

"Maji ya miwa," baba alisema. "Ni ya mwanangu."

"Mwanao yuko wapi?"

"Ndiye tunayemtafuta."

"Tangu asubuhi mmekaa mkitazama kambi. Fungua."

Baba alifungua kitambaa, akamnyooshea kibuyu. "Onja."

Askari alirudi nyuma hatua moja. "Sionji vitu vya watu. Mnakula kiapo hapa?"

Nilianza kumweleza kwa Kiingereza, kile Kiingereza changu bora cha darasani, nikidhani kitamhakikishia kwamba sisi ni watu wa kuaminika. Uso wake ulizidi kukunjamana.

"Nimeuliza kwa Kiswahili," alisema. "Wewe unanijibu Kizungu cha nini? Unaficha nini?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo. Nilikuwa nimezoea kuliuliza.

Ndipo pikapu moja ikasimama nyuma yetu, majani ya kabichi yakiwa yamebaki sakafuni mwake, na shemeji akashuka.

"Afande," alisema kwa sauti ya mtu anayemkuta rafiki sokoni, "huyo ni baba mkwe wangu. Ukimfunga, mke wangu atanifunga mimi." Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akamwomba baba radhi kwa macho, akanywa funda moja mbele ya askari, akajifuta. "Miwa ya Taita. Haina ulevi hata kidogo. Ingekuwa nao mimi ningejua."

Askari alijizuia, kisha akacheka. Alitupungia mkono tuondoke.

Njiani shemeji, aliyekaa nami nyuma karibu na kidirisha cha dereva, alitueleza, na alitueleza akiwa ameelekeza macho barabarani. Jumatano alikuwa zamu stesheni treni ya Mombasa ilipoingia, akamkuta mdogo wangu uso kwa uso. Mdogo wangu alimshika mkono akamtaka aahidi kwamba hatatuambia amemwona.

"Niliahidi," alisema. "Sikutaka kuvunja. Nikaona, nisiposema nimemwona, lakini nikasema uwanja, nitakuwa sijavunja. Wewe Mwalimu ukanishika kwa maswali. Mlipopanda basi nikaona ahadi yenyewe haina maana tena. Nikaenda alikolala. Nikamwambia, baba yuko mjini na kibuyu. Alikaa kitandani. Kisha akasema atasimama mlangoni pa uwanja mpaka watakapomwita. Mimi na huyu dereva tukaenda Embakasi tukidhani mtakuwa mmegundua na kuja. Hamkuja. Ndiyo tukageuza gari."

Baba alikuwa amekaa mbele, kati ya dereva na mlango. Hakugeuka.

Tulifika Embakasi zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya saa nane. Jengo lilikuwa jeupe na bado lilinuka chokaa. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kwetu. Walikuwa wamekwisha kumwita. Palikuwa na ngazi za kupanda kwenye roshani ndefu ambako watu huwapungia wasafiri mikono. Nilimwambia baba tukimbie. Hakukimbia, kwa ajili ya kibuyu, ila alipanda ngazi zile kwa hatua ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu utotoni mwangu.

Abiria walikuwa wakitembea kuelekea ndegeni katika mstari uliokatikakatika. Macho yangu hayakumpata. Suti zote zilifanana. Baba alimpata mara moja.

"Yule anayetupa mguu wa kushoto," alisema.

Alifungua kibuyu. Alikuwa na kina mama wa Kizungu kulia kwake, familia ya Kihindi kushoto, na askari mlangoni nyuma yetu. Alitia maji ya miwa kinywani, akayapuliza juu ya ukuta wa roshani, akasema kwa Kidawida, kwa sauti ya kawaida, ile aliyoitumia kumwita mtu shamba la pili: "Nilikuwa na hasira. Naitoa. Iende na upepo. Wewe nenda, ufike, urudi." Alirudia mara tatu. Upepo wa mbuga ulirudisha matone kadhaa juu ya mkono wa koti langu. Mama mmoja wa Kizungu aliusogeza mkoba wake, akaendelea kupunga leso. Askari alimwuliza shemeji mzee anafanya nini.

"Anamuaga mwanawe," shemeji alisema.

Askari alitazama kwingine. Hofu yote niliyoibeba kutoka Voi, niliyoijengea hoja na kuitolea sababu za dini na za serikali, iliishia hapo, kwa sentensi moja ya mlevi.

Mdogo wangu aligeuka chini ya ngazi za ndege na kulitazama jengo. Tulikuwa watu wengi pale juu, na injini zilikuwa zimeanza kunguruma. Siwezi kusema kwamba alituona. Aliingia ndani.

"Imetoka," baba alisema, akifunga kitambaa.

"Lakini hakuona, baba."

"Hasira ilikuwa kwangu, haikuwa kwake. Imetoka kwangu." Aliifuata ndege kwa macho hadi ikawa haionekani. "Ila yeye hajui," aliongeza.

Tuliporudi mlimani alinitajia maneno ya barua, nami nikaandika: kwamba alikuja, kwamba alichelewa, kwamba ametasa. Hakuniambia niandike kwa nini tulichelewa, na mimi sikuongeza neno. Shemeji nilimshukuru kwa kumpa mkono tu. Ilinichukua zaidi ya mwaka kumwambia yaliyostahili kusemwa, na hata siku hiyo alinikatiza kwa mzaha ili nisiteseke.

Jibu la Bombay lilikuja baada ya wiki saba. Nililipeleka kwa baba na kumsomea, kama kawaida, nikitafsiri palipohitaji. Mdogo wangu aliandika kwamba siku ile alisimama mlangoni hadi alipoitwa mara ya pili, na msichana wa uwanja akaja kumshika kiwiko. Hakutuona. Aliamini kwamba baba alifika Nairobi, moyo ukamgeuka, akarudi zake. Aliibeba imani hiyo ndani ya ndege na juu ya bahari, na hadi barua yetu ilipomfikia hakuwa na siku njema. Alikuwa ameshindwa kula. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi za bweni na kuvunjika mkono, na alipokuwa amelala pale chini hakujiuliza kwa nini ameanguka, alijua.

Hasira ya baba wakati huo ilikuwa imekwisha kutoka, ikapeperushwa na upepo wa Embakasi. Kilichomwangusha mdogo wangu sikijui, na sitajifanya nakijua. Najua tu kwamba alikaa mwezi na zaidi akiamini jambo ambalo halikuwa, na kwamba jambo hilo nilimtengenezea mimi, kwa kutomwamini mtu aliyesema kweli.

Barua ilikuwa na mstari mmoja zaidi. Nilisita.

"Soma," baba alisema.

"Imekwisha."

"Umesimama kabla ya chini. Naona wino."

Nikasoma: "Kwa nini mlichelewa?"

"Mjibu," baba alisema.

"Nitamjibu kesho, nikiwa na karatasi."

"Mjibu hapa, nisikie."

Nilimweleza yote. Nilianza na karani na tai yake, kwa kuwa hiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Nikaeleza kile kicheko cha shemeji na nilivyokitafsiri. Nikaeleza Eastleigh, na jinsi nilivyojua mapema nikaendelea kungoja, na jinsi nilivyoona haya. Hilo la mwisho nilishindwa kulisema kwa Kidawida. Nilitumia Kiswahili, naye aliniacha.

Nilitazamia kwamba atasema ameelewa, kwa maana nilikuwa nimekiri vizuri, na mtu aliyekiri vizuri hutazamia ujira wake papo hapo.

"Sasa nina hasira nawe," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa. "Kesho pita hapa kabla ya shule."

Nilikwenda. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mashamba, na watu walikuwa wakishuka njiani kwenda sokoni, wakiwemo wazazi wa wanafunzi wangu na mzee mmoja wa kanisa. Baba alinikalisha kwenye kigoda mbele ya mlango, upande wa njia. Nilikuwa na tai. Sikumwomba tuingie ndani.

Nilifika shuleni kengele ikiwa imekwisha kulia, shati likiwa limelowa kifuani. Mwalimu mkuu alinisimamisha mlangoni mwa darasa akaniuliza kulikoni, na wanafunzi wote walikuwa wakisikia. Nilimwambia kwamba baba yangu alikuwa akinitasa, na kwamba jambo hilo haliharakishwi. Kisha niliingia, nikaandika tarehe ubaoni.